Bukuru Yuko Wapi?

Oktoba mwaka jana, kabla hatujafungua chuo, nilimsindikiza Mama kwenda kuwaandikisha wadogo zangu wa mwisho darasa la awali. Shule ni ileile niliyosoma mimi, hapo kwetu Mugoma, wilaya ya Ngara. Mwalimu aliyekaa na daftari alikuwa kijana tu, ameajiriwa juzijuzi, lakini ni mtu wa hukohuko Ngara, mila anazijua. Mi nikawa namwangalia anavyoshika kalamu na kupanga mistari, si unajua mtu ukisomea ualimu huwezi kukaa mbele ya mwalimu bila kumkagua.

"Majina ya watoto, mama?"

"Butoyi na Chiza."

Akaandika, kisha akainua kichwa. "Na Bukuru yuko wapi?"

"Ametangulia," Mama akasema.

Mwalimu akarudi kurasa za nyuma. Akaanza kumtafuta Bukuru kwenye orodha ya watoto walioandikishwa siku za mwanzo, kidole kinashuka jina kwa jina. "Mbona simwoni? Aliletwa na nani, baba yake?"

Mama alikuwa anatazama dirishani. Ikabidi mimi niiname nimwambie Bukuru ametangulia wapi. Yule kaka wa watu alisimama kabisa kuomba radhi, daftari likaanguka.

Kwa wenzangu msiotoka kule, niwaeleze kidogo. Kwetu Uhangaza mapacha wanaitwa amahasa, na majina yao wazazi hawachagui, wanazaliwa nayo. Anayetoka kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na mtoto wa mimba inayofuata baada yao anaitwa Chiza. Warundi wanayo majina hayo, na Waha wa Kigoma pia. Wasukuma mna Kulwa, Doto na Shija, ni mambo yaleyale. Kwa hiyo ukimwita mtoto Butoyi umeshasema kuna mwenzake aliyetoka kabla yake. Mtu yeyote wa kwetu atauliza huyo mwenzake yuko wapi. Sokoni wanauliza, kanisani wanauliza, hata kondakta wa Hiace aliwahi kuuliza. Mama amelijibu swali hilo miaka mitano sasa na amekataa kabisa dawa ya kulimaliza, ingawa dawa ipo na Baba alimpa mapema sana. Nitafika huko.

Mwaka 2020, Machi, shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa kidato cha nne, nikarudi nyumbani na sanduku langu. Mama alikuwa na miaka 38 na watoto wanne, mimi wa kwanza, wa mwisho tayari yuko darasa la kwanza. Nguo za kichanga alishazigawa. Ilipofika Mei akawa anatapika hadi maji, na tumbo lake likaanza kuonekana mapema kuliko kawaida. Bibi mzaa baba alimtazama siku moja akiwa anamenya ndizi, akasema kwa Kihangaza kwamba humo ndani hakuna mtu mmoja.

Juni nikaenda naye zahanati. Nesi alipima tumbo kwa utepe, akaandika, akapima tena. Kwa hesabu ya wiki Mama alikuwa na kumi na sita. Tumbo lilikuwa linasema ishirini na mbili. Nesi akaitazama kadi ya kliniki, ile sehemu ya vidokezo vya hatari, akaanza kuweka alama. Umri zaidi ya miaka 35, alama. Mimba ya tano, alama. Akasita kidogo kwenye mapacha, akasema nendeni mkapige altrasaundi kwanza.

Tulienda kwa bodaboda, Mama katikati, mimi nyuma nimemshika. Daktari akampaka ile mafuta ya baridi, akazungusha mashine yake, akasema, "Wawili." Kisha akanyamaza. Akazungusha tena. "Subiri mama. Hapana. Watatu."

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti hadi kitanda kikatikisika na daktari akamwomba atulie picha ionekane. "Daktari, hujahesabu kichwa kimoja mara mbili?" Daktari akamgeuzia kioo, akamwonyesha mioyo mmoja mmoja inavyopiga. Nilikiona kicheko kile nikakiweka moyoni kama furaha.

Njiani akaniambia: "Ukifika nyumbani sema wawili." Nikamuuliza kwa nini. "Watatu watu watawasema sana." Basi Mugoma nzima ikajua Mama ana mapacha wawili. Wa tatu tulimjua watu wanne tu, yaani Mama, Baba, Bibi na mimi.

Siku zile sikujua maana ya mimba hatarishi, nilijua tu kuwa ni tumbo kubwa. Nimekuja kuelewa baadaye, kwa kusoma na kwa kuuliza wenzetu wa udaktari. Mwili unaobeba watatu unadaiwa damu na chakula na kila mmoja wao, kwa hiyo mama anapungukiwa damu haraka. Presha hupanda kirahisi, na ikifuatana na protini kwenye mkojo hapo ndipo kifafa cha mimba kinaponyemelea. Mfuko wa uzazi uliovutwa kupita kiasi unaweza kushindwa kusinyaa baada ya kujifungua, damu ikawa haikatiki. Na watoto wenyewe karibu siku zote huja kabla ya wiki 37, mapafu hayajakomaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hapa nchini. Ule wa 2022 ukasema 104. Nilipoiona hiyo 104 maktaba nilifurahi kweli, halafu nikafikiria kwamba Mama alibeba mimba yake katikati ya namba hizo mbili, na mwaka ule hakuna aliyekuwa anatuambia tuko karibu na ipi.

Shule zikafunguliwa mwisho wa Juni, nikarudi bweni. Mama akaendelea kulima maharage. Kwenye kozi moja hapa chuo tulisoma haki za mtumishi, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Darasa zima liliandika. Mi nilikuwa nafikiria mgomba unaompa likizo nani.

Katikati ya Septemba mkuu wa shule akaniita ofisini. Baba alikuwa amekaa pale, kofia mkononi. Mama amelazwa, miguu imevimba, wanataka akae karibu na madaktari hadi ajifungue, na lazima awe na mtu wa kumhudumia. Bibi ni mzee. Wadogo zangu ni wadogo. Mkuu akanipa ruhusa ya wiki mbili, akanikumbusha kuwa mtihani wa taifa ni Novemba, kana kwamba ningeweza kusahau.

Sera inasema mjamzito anahudumiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na kweli vipo vingi ambavyo hatukulipia. Ila mtu anayelala hospitali anataka ugali, sabuni, kuni za kupikia, vocha, nauli ya anayemletea vitu. Baba akauza mbuzi. Wiki ya pili akaja na daftari dogo, akakaa kwenye ukuta wa nje ya wodi, akaanza kupiga hesabu nikimsikia. Akifika kwenye mstari wa mimi kwenda kidato cha tano, anaruka, anapiga hesabu za chini, anarudi tena.

Usiku ule nilikuwa nafua nguo za Mama kwenye karo, madaftari ya Historia nimeyaweka juu ya ukuta yasilowe. Nilisema kimoyomoyo, nayakumbuka maneno yenyewe: Kwani lazima wote watatu? Sikumaanisha mtu afe. Sijui nilimaanisha nini. Nilikuwa na miaka 17, nimechoka, na nilitaka mmoja asiwepo.

Mwanzoni mwa Oktoba, wiki ya 31, Mama aliamka anaumwa kichwa na kusema anaona vinyota. Presha ilikuwa 160 kwa 110. Wakamchoma sindano ya kuzuia degedege na nyingine ya kukomaza mapafu ya watoto, wakasema hapa hapatoshi, aende Mwanza. Halafu ikaja ile habari ambayo nikiikumbuka napandwa na hasira hadi leo: gari la wagonjwa lipo, mafuta hayapo, familia ichangie. Nani alisema na wapi nitaacha, hata yeye alikuwa ametumwa. Baba alipiga simu kwa watu wa kikundi chao cha VICOBA, ng'ombe wetu mmoja akabadilisha mwenyewe kwa simu, kwa bei ya mtu aliyejua tuna shida. Tukaondoka saa nne usiku.

Ni zaidi ya kilomita 300. Nyakahura, kisha yale mapori ya kuelekea Biharamulo ambayo zamani mabasi yalipita kwa kusindikizwa na askari. Nesi alikuwa anampima Mama presha kwa mwanga wa simu yangu. Kila tukipita shimo Mama anashika tumbo kwa mikono miwili, hatoi sauti. Geita ikapita. Sengerema. Kulipokucha tukafika Busisi, tukasubiri kivuko.

Gari lilipoingia kwenye pantoni na injini kuzimwa, Mama akasikia maji. Hajawahi kuliona ziwa maisha yake yote. Sisi wa Ngara kwenye ramani tumo mkoa wa Kagera, lakini ziwa liko mbali nasi. Akaniambia nimuombe nesi afungue mlango wa nyuma. Nesi alikataa, kisha akaufungua kidogo, kama shubiri moja. Mama akageuza shingo akatazama.

"Kumbe ndilo hili," akasema. "Halina ng'ambo."

Lina ng'ambo, ila alikuwa anaangalia upande mwingine. Sasa hivi pale kuna daraja la kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache. Nilipoziona picha za uzinduzi kwenye simu nilijiuliza kama dakika zile tulizokaa kwenye foleni zingebadili chochote. Sijui. Na ziwa asingeliona.

Alipasuliwa siku hiyohiyo. Mvulana akatoka kwanza, kilo 1.5. Kisha msichana, 1.3. Kisha msichana mwingine, 1.2. Huyo wa kwanza ndiye aliyekuwa mkubwa, na ndiye aliyelia kwa nguvu, kwa hiyo wote tulikuwa tunawahofia wale wasichana. Hakuna aliyemhofia yeye. Siku ya tatu pumzi zikawa zinamwishia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Daktari alinieleza mimi kwa sababu Mama alikuwa bado presha iko juu na hairuhusiwi kumshtua. Alisema mapafu, akasema watoto wa kiume wa umri huo mara nyingi huwa hivyo. Alfajiri ya siku ya nne Bukuru akafa.

Baba alifika na basi. Kumsafirisha hadi Mugoma hatukuwa na uwezo, ng'ombe alishaisha. Jamaa yetu mmoja anayeishi Mwanza akatafuta mahali, wakamzika wanaume watano, mmoja wao dereva wa bajaji iliyowapeleka. Mama alikuwa wodini. Hakuliona kaburi na mpaka leo hajaliona.

Wale wawili waliobaki wakaingizwa kwenye huduma ya kangaruu. Pengine mmeisoma: mtoto njiti anafungwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, joto la mwili linafanya kazi ya mashine. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine, yaani walibuni kwa shida kama yetu. Mtu mmoja hawezi vizuri kubeba wawili huku mshono unauma. Nesi akanitazama. "Wewe ni nani yake? Dada? Vua blauzi."

Basi nikambeba Chiza. Alikuwa bado hana jina. Uzito wake ni kama mfuko wa sukari, ila mfuko wa sukari haupumui. Nilijifunza kulala nimeegemea mito, nilijifunza kukohoa bila kutikisa kifua. Nilisoma Vita vya Majimaji juu ya kichwa chake, daftari nimelishika juu. Akisahau kupumua, maana njiti wanasahau, unamgusa unyayo kwa kidole, anakumbuka. Usiku mmoja nilimgusa mara sita. Kila mara nilikuwa nayasikia yale maneno yangu ya pale karoni.

Sikumwambia mtu. Wiki ya pili ya Novemba shangazi akaja kunipokea, nikarudi shuleni, nikafanya mtihani. Nilipata daraja la pili, nashukuru. Swali la Majimaji lilikuja au halikuja sikumbuki, nakumbuka tu kifua kilikuwa baridi.

Mama alirudi Mugoma na wasichana wawili wa kilo mbili mbili. Vigelegele vilianzia barabarani. Watu waliambiwa wawili, na wawili ndio hao! Bibi akataka mambo ya amahasa yafanyike, ngoma, pombe ya ndizi, majina. Na hapo ndipo Baba alipotoa ile dawa. Alisema taratibu, mbele ya Bibi, kwamba watu walitajiwa wawili na wawili wamekuja. Basi aliyetangulia kati ya hawa awe Bukuru, anayefuata awe Butoyi, mambo yaishe hapo, tusiwe watu wa kuulizwa kila siku. Bibi akaona ni sawa. Hata mimi, nilipopigiwa simu, niliona ni sawa kabisa.

Mama akasema hapana. Alisema Bukuru yupo tayari na jina lake halina nafasi. Huyu ni Butoyi. "Na huyu wa tatu?" Bibi akauliza, kwa sababu kwa mila wa tatu wa mimba ileile hakumjulia jina. Mama akasema, huyu amekuja baada ya mapacha, si ndiyo? Basi ni Chiza. Bibi alinuna wiki nzima. Na siku ya ngoma, jina la Butoyi lilipotajwa, mtu wa kwanza akauliza.

Kwa muda mrefu nilidhani Mama anajitesa. Nilimwambia hivyo likizo moja nikiwa kidato cha sita, kwa lugha ya mtu aliyesoma saikolojia kidogo. Akaniambia Baba alimzika na watu wanne asiowajua. Mugoma hakuna aliyekuja kukaa naye msiba, kwa sababu hakuna aliyejua kuna msiba. "Niliwaficha mimi mwenyewe. Sasa nisiwaache waniulize?"

Siku ile ya Oktoba, tukitoka shuleni, wasichana walikuwa mbele wanakimbizana. Nilimwambia Mama. Yale maneno ya karoni, nilimwambia yote, nikiangalia chini. Nilitegemea anyamaze, au aniambie si kosa lako mwanangu, ambayo ndiyo niliyokuwa naiogopa zaidi.

Akasema, "Mimi niliomba mara mbili. Siku Baba yako alipouza mbuzi, na ile siku ya mashine."

"Siku ya mashine ulicheka, Mama."

"Nilicheka, ndiyo." Akahamishia mfuko wa daftari bega la pili. "Ulitaka nilie mbele ya daktari?"

Tukaendelea kutembea. Akaanza kuniuliza habari za bumu, kama limetoka.

Januari hii darasa la awali likaanza. Jumamosi moja akanipigia nikiwa hosteli. Yule mwalimu kijana aliwapa watoto vizibo vya soda, kila mmoja aweke mezani vizibo kwa idadi ya watoto wote wa kwao, na yeye mwenyewe akiwemo. Chiza aliweka sita. Butoyi aliweka saba. Mwalimu akawaambia wanatoka nyumba moja, kwa hiyo mmoja wao amekosea, wakahesabu tena. Chiza akaweka sita. Butoyi akaweka saba. Wakagombana, wamerudi nyumbani mmoja analia.

"Sasa wewe unayesomea," Mama akasema, "ungemwekea nani tiki?"

Nilimwambia nina kipindi, nitampigia jioni. Ilikuwa Jumamosi, na anajua.